ETH imerudi bei ileile, mbona hela haijarudi? Roboti za kusimamia likwiditi zinavyofanya kazi

Kuna ndugu yangu mmoja alinitumia picha ya skrini ya simu yake. Aliweka dola 6,000 kwenye kibubu cha mtandaoni kinachojiendesha chenyewe kwa roboti, yani programu, cha ETH (sarafu ya kidijitali ya mtandao wa Ethereum) na USDC (dola ya kidijitali), siku anaweka ETH ilikuwa dola 3,000. Baada ya muda ETH ikashuka mpaka 2,500, ikahangaika hapo, afu ikapanda tena mpaka 3,000 ileile. Akafungua simu akitegemea kukuta 6,000 yake na ada juu, akakuta 5,600 na ushee. Swali lake lilikuwa moja tu: kaka, bei imerudi palepale, roboti ilikuwa kazini usiku na mchana, sasa nani kachukua hela?

Hakuna aliyeiba. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyoandikwa, na hapo ndo pagumu kuelewa, kwasababu watu wengi wanaingia kwenye haya mambo kwa neno "automatiki" wakidhani maana yake ni salama. Ngoja nilifungue taratibu.

Anza na wakala wa hela za simu, maana yule kazi yake kila mtu anaijua. Wakala ana floti kwenye simu na keshi kwenye droo. Wateja wakija wote kutoa, keshi inaisha na floti inajaa, mteja wa kutoa akija tena anaambiwa "leo hamna". Wote wakija kuweka, keshi inajaa na floti inakauka. Kamisheni anaipata pale tu anapokuwa na vyote viwili, kwahiyo kila mara inabidi akabalansi, aende benki au kwa wakala mkuu. Mtu anayeweka likwiditi, yani hela za kubadilishia, kwenye soko la kripto lisilo na mwenyewe, zile wanazoita deksi, ni wakala wa aina hiyo: anaweka tokeni (sarafu za kidijitali) mbili, watu wanabadilishana kupitia kwake, yeye anakula ada. Ila kuna tofauti moja kubwa. Shilingi ya floti na shilingi ya keshi ni shilingi ileile, wakati ETH na dola zinabadilishana bei kila sekunde. Matatizo yote ya hii biashara yanatokea hapo.

Uniswap ndo iliyofanya hii kitu iwe maarufu. Hayden Adams alikuwa injinia wa mitambo, akapunguzwa kazi Siemens mwaka 2017, akajifunza kuandika kodi za programu za kompyuta, na kwa wazo lililotoka kwa Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum, akaitoa Uniswap Novemba 2018 juu ya Ethereum. Hesabu yake ni fupi mno: idadi ya tokeni ya kwanza mara idadi ya tokeni ya pili, jibu lazima libaki lilelile. Ukitoa ETH kwenye kapu, yani pale zinapokaa tokeni zote mbili, lazima uingize dola za kutosha hilo jibu lisishuke, na kadri unavyotoa ETH nyingi ndivyo kila moja inavyokuwa ghali. Hakuna anayepanga bei pale, kapu lenyewe linaipanga kwa kilichobaki ndani.

Sasa fikiria ETH imepanda kwenye masoko mengine duniani. Kapu halina habari, bado linauza bei ya zamani. Wale jamaa wa mbio, wenye programu zinazolinganisha bei za masoko, wanakuja wanachota ETH ya bei poa mpaka bei ya kapu ilingane na ya nje. Ikishuka wanafanya kinyume, wanalimwagia kapu ETH wanaondoka na dola. Kwahiyo kapu siku zote linauza kinachopanda na kukusanya kinachoshuka. Wewe mwenye hela ndani ya kapu ndo unayeuza na kukusanya hivyo. Pengo kati ya ulichonacho na ambacho ungekuwa nacho kama ungekaa tu na tokeni zako mfukoni, hilo ndo wanaloita hasara isiyo ya kudumu. Jina limewapotosha watu wengi sana, mana linafanya ionekane kama mafua yatakayopita yenyewe.

Kwenye Uniswap ya kwanza na ya pili hiyo hasara ilikuwa ndogo, kwasababu hela yako ilitandazwa kwenye bei zote kuanzia sifuri mpaka isiyo na mwisho. Uvivu mtupu, lakini uvivu wenye amani. Tarehe 5 Mei 2021 ikaja toleo la tatu na kila kitu kikabadilika. Sasa unachagua renji, unasema mimi hela yangu ifanye kazi kati ya bei hii na hii tu. Bei imegawanywa vipande vidogo vya asilimia 0.01 kila kimoja, na ada zikawa za madaraja, asilimia 0.05, 0.30 na 1, baadaye wakaongeza ya 0.01. Ukibana renji, hela ileile inafanya kazi kama hela nyingi. Ila bei ikitoka nje ya renji yako umebaki na tokeni moja tu, ile iliyochoka, na ada ni sifuri. Wakala ameishiwa keshi.

Hapa tupige hesabu, usiruke, ni ya kawaida tu. ETH ni 3,000, unaweka ETH 1 na USDC 3,000, jumla dola 6,000. Renji yako ni 2,500 mpaka 3,600. Ukilinganisha na mtu aliyetandaza hela zake kwenye bei zote, hela yako inafanya kazi mara 11.5, yani ada zako ni mara 11.5 ya zake, na hapo ndo watu wanapochanganyikiwa kwa furaha. Sasa ETH ipande mpaka 3,600. ETH yako yote imeuzwa njiani, una USDC 6,286. Ungekaa tu na ETH yako na dola zako ungekuwa na 6,600. Umeachwa nyuma dola 314. Yule aliyetandaza ameachwa nyuma dola 27.3 tu. Gawanya 314 kwa 27.3 uone inakuja ngapi. Ni ileile mara 11.5, bila huruma. Kubana renji kunazidisha ada na kunazidisha hasara kwa kiwango kilekile, na kwenye matangazo utaonyeshwa upande mmoja tu.

Ndo maana toleo la tatu lilipotoka, watu wa kawaida wakaanza kuumia. Novemba mwaka huohuo Topaze Blue pamoja na Bancor walichapisha uchambuzi wa makapu 17 makubwa ya Uniswap v3: ada zilikuwa kama dola milioni 199, hasara isiyo ya kudumu kama milioni 260, na karibu nusu ya walioweka hela wangekuwa na hali bora kama wangeshika tokeni zao tu. Bancor ni mshindani wa Uniswap, kwahiyo hilo ulibebe ukisoma, ila namba za blokucheni, lile daftari la pamoja la miamala, ziko wazi kwa kila mtu na mimi sijaona sababu ya kuzitupa.

Juu ya hapo kuna usumbufu. Kwenye toleo la pili ada zilikuwa zinaingia zenyewe kapuni na kuzaa, kwenye la tatu zinakaa pembeni mpaka uende uzichukue na kuzirudisha kwa mkono. Bei ikitoka saa tisa usiku hela imelala na wewe umelala. Na kwenye Ethereum ya 2021 kila ukigusa unalipa gesi, yani ada ya mtandao, kuhamisha renji mara moja ilikuwa inaweza kula makumi ya dola au zaidi, kwa mtu mwenye dola 500 hiyo biashara ilikuwa imekufa kabla haijaanza. Hapo ndo roboti zikapata soko.

Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni kibubu cha pamoja: wengi mnaweka, kinakupa tokeni ya kuonyesha fungu lako, na kibubu kinachagua renji, kinahamisha, kinarudisha ada ndani. Arrakis ni mfano, ilianza kwa jina la G-UNI kutoka kwa watu wa Gelato, kuna Gamma iliyokuwa inaitwa Visor, Charm, Beefy, na upande wa Solana, blokucheni nyingine, kuna Kamino. Gesi mnagawana, hiyo faida ni ya kweli kabisa na mwenye hela kidogo anaihitaji. Ya pili ni zana kama Revert, ambapo pozisheni, yani hela uliyoiweka kwenye renji, ni yako mwenyewe, wewe unaipa programu idhini ya kuigusa kwa masharti uliyoandika, mfano ikitoka nje ya renji kwa kiasi hiki hamisha, au ikifika hapa toa kila kitu nibaki na dola.

Watu wengi hawajui kwamba smati kontrakti, yani programu inayokaa kwenye blokucheni, haiwezi kujiamsha. Inalala mpaka mtu aitumie muamala. Kwahiyo hata kitu kinachoitwa automatiki nyuma yake kuna programu inayokesha nje ya blokucheni, ya kampuni yenyewe au mtandao kama wa Gelato au Chainlink, inatazama bei, sharti likitimia inapiga hodi. Kontrakti ikiamka inavunja pozisheni ya zamani, inakusanya ada, inauza sehemu ya tokeni iliyozidi ili zilingane, inafungua renji mpya kuzunguka bei ya sasa. Yani inabalansi kama wakala. Hiyo hatua ya kuuza ndo nataka uishike vizuri, kwasababu hela ya ndugu yangu ilipotelea hapo.

Turudi kwenye 6,000 yake. Renji ya kibubu chake ilikuwa ileile ya 2,500 mpaka 3,600. ETH imeshuka mpaka 2,500, mwisho wa renji. Pozisheni yote imegeuka ETH, kama 2.095, thamani dola 5,239. Kwa wakati huu hasara bado ni ya kwenye karatasi, bei ikirudi 3,000 pozisheni ileile inarudi kuwa ETH 1 na USDC 3,000, senti kwa senti. Lakini roboti imeambiwa isikae nje ya renji. Inauza nusu, ETH 1.05 hivi, kwa bei ya 2,500, inafungua renji mpya 2,083 mpaka 3,000. Bei inaanza kupanda, na kapu, kama kawaida yake, linauza ETH kidogokidogo njia nzima. Ikifika 3,000 ETH imeisha, una USDC 5,489. Ongeza ada alizokusanya, kama dola 120 hivi, ndo ile 5,600 na ushee.

Aliuza chini kisha akauza tena wakati inapanda. Safari moja ya kwenda na kurudi, dola 511 zimeondoka kabla ya ada, na yule ambaye hakugusa kitu ana 6,000 yake na ada za siku ambazo bei ilikuwa ndani. Kila roboti inapohamisha renji kwa kuuza, hasara ya karatasi inageuka hasara ya kweli. Kibubu kinachojisifia kwamba kinabalansi mara kumi kwa siku kinakwambia kinafanya hivyo mara kumi kwa siku.

Je, ina maana kukaa kimya ndo sahihi? Hapana, na hapa inabidi tuwe wakweli. ETH ingeendelea kushuka mpaka 2,083, aliyekaa kimya angekuwa na ETH zake 2.095 zenye thamani ya dola 4,365 na hakuna ada hata senti, mwenye roboti angekuwa na 4,574 na ada juu, kwasababu aliuza nusu mapema. Bei ikiwa na safari ya upande mmoja roboti inakuokoa kidogo, ikiwa inayumba kwenda na kurudi inakukamua. Roboti haijui ni ipi kati ya hizo mbili inakuja. Mimi sijui, wewe hujui, na aliyeandika kodi hajui pia.

Machi 2023 ilituonyesha hili waziwazi. Tarehe 10 benki ya Silicon Valley Bank ikafungwa, Circle wenye USDC wakasema dola bilioni 3.3 zao zimekwama mle, na kesho yake, Jumamosi, USDC ikashuka chini ya senti 90. Watu waliokuwa na renji nyembamba ya USDC na USDT (dola nyingine ya kidijitali), mahali walipodhani pametulia kuliko pote, waliamka pozisheni yote ni USDC. Aliyeacha hivyohivyo, Jumatatu USDC ilirudi karibu dola 1 naye akarudi alipokuwa. Mkakati wowote unaofuata bei chini kwa kuuza uliuza USDC kwa bei ya msiba, na hela hiyo haikurudi na Jumatatu. Lakini kumbuka mwaka mmoja nyuma, Mei 2022, UST, dola ya kidijitali ya mradi wa Terra, ilishuka namna hiyohiyo na haikurudi kamwe, na hapo aliyesubiri ndo aliyebaki na takataka. Mchoro wa bei wa siku ya kwanza unafanana, mwisho ni tofauti kabisa.

Kuna walioliona hili wakatafuta njia ya kuhamisha bila kuuza. Charm walikuja na kubalansi kwa utulivu: tokeni iliyozidi haiuzwi papo hapo, inawekwa kwenye renji nyembamba upande mmoja wa bei, ikisubiri wateja wenyewe waje waichukue. Unakwepa ada ya kubadilishana na unakwepa wavamizi. Tatizo ni kwamba bei ikikimbia upande wa pili, tokeni inabaki inasubiri. Ila kama ningelazimishwa kuchagua kwa ETH na dola ningeanza kuangalia vibubu vya aina hii, kwasababu angalau havikimbilii kuuza kwa hofu.

Hao wavamizi ndo jambo lingine. Roboti ikitaka kuuza ETH nyingi kwa mkupuo, muamala wake unaweza kuonekana kabla haujaandikwa kwenye blokucheni, mtu anawahi mbele anasukuma bei, roboti inauza kwa bei mbovu, yule anamalizia nyuma yake kwa faida. Kinga ya kawaida ni kulinganisha bei ya sasa hivi na wastani wa dakika kadhaa zilizopita, zikipishana sana kontrakti inakataa kufanya kitu. Ni kinga nzuri, ikipangwa vizuri. Tarehe 4 Januari 2024 baadhi ya vibubu vya Gamma kwenye Arbitrum vilivamiwa kwasababu kiwango cha kupishana kilichoruhusiwa kilikuwa kipana mno, mshambuliaji alisukuma bei, akaweka hela, akapewa mafungu mengi kuliko aliyostahili, akatoa. Mamilioni ya dola yaliondoka. Hakukuwa na kosa kwenye deksi yenyewe, kosa lilikuwa kwenye tabaka la roboti lililokaa juu yake, na ukitumia kibubu unabeba hatari ya matabaka yote mawili, na la tatu la tokeni zenyewe.

Sasa hizo asilimia unazoziona kwenye ukurasa wa mbele, 40, 80, 200 kwa mwaka. Mara nyingi wamechukua ada za siku moja au wiki moja wakazizidisha mpaka zijaze mwaka, na hasara haijatolewa. Kuna namna ya kupima ambayo mimi naipenda zaidi, imetoka kwenye kazi ya mwaka 2022 ya Milionis, Moallemi, Roughgarden na Zhang, wanapima kiasi ambacho kapu linavuja kwa kuuza bei ya zamani. Kwa renji nzima, kama bei inayumba asilimia 5 kwa siku, kapu linavuja kama asilimia 0.03 kwa siku, ni kama asilimia 11 kwa mwaka. Sasa zidisha na ile 11.5 ya renji yetu: kwenye dola 6,000 ni kama dola 21 kila siku. Roboti yako lazima ilete ada zaidi ya dola 21 kwa siku ndo uanze kuongea habari ya faida, na bado mwenye kibubu hajachukua asilimia yake, na ujue huyo anakata kwenye ada ulizopata, hakai kusubiri aone kama kwa ujumla umepata au umepoteza.

Gesi angalau imeacha kuwa kisingizio. Tangu Ethereum ilipopata maboresho ya Dencun Machi 2024, kuhamisha renji kwenye minyororo iliyojengwa juu ya Ethereum kama Base, Arbitrum na Optimism ni senti. Kuna madhara yake ambayo hayasemwi: kwakuwa kuhamisha ni rahisi, roboti zinahamisha ovyo, na tumeshaona kila kuhamisha kunagharimu nini. Toleo la nne la Uniswap lililotoka Januari 2025 limeruhusu watu kuchomeka kodi zao ndani ya kapu lenyewe, mfano ada ipande yenyewe bei ikianza kuyumba sana. Hiyo naiona ni njia sahihi zaidi kuliko kukimbizana na bei, kwasababu inawalipisha wale jamaa wa mbio wakati ambapo wanakuumiza. Lakini kodi mpya ni hatari mpya, ipe muda.

Na kama kuna mtu kwenye kundi la Telegram anakwambia roboti yake inahitaji maneno yako 12 ya siri ya waleti ili ikusimamie likwiditi, ondoka hapo hapo. Roboti ya halali inapewa idhini ya kugusa pozisheni, haipewi ufunguo wa nyumba. Hata hiyo idhini, ukiacha kutumia zana, ifute, mana inabaki wazi hata kama wewe umeshasahau.

Ndugu yangu aliniuliza sasa afanye nini. Nilimwambia afungue daftari achore safu mbili. Ya kwanza, kibubu kina thamani gani leo. Ya pili, ile ETH 1 na zile USDC 3,000 alizoanza nazo zingekuwa na thamani gani leo kama zingekaa tu kwenye waleti. Aandike kila Jumapili, asiangalie asilimia za kwenye ukurasa kabisa. Ameandika Jumapili sita sasa, ametoa nusu akaipeleka kwenye kapu la renji pana sana ambalo halina roboti, nusu nyingine kaiacha kibubuni ili alinganishe, na safu ya tatu kaiongeza mwenyewe: roboti imehama mara ngapi wiki hii.